Viriba Arobaini

Miaka thelathini baba alipigana na kuvu.
Maua ya mikorosho yakianza tu kuchungulia,
alikuwa macho saa tisa za usiku, kabla upepo haujaamka,
bomba mgongoni, akipuliza salfa
mpaka nyusi zikawa njano kama binzari.
Nguo zake mama alizifua mbali na zetu.
Tulijua amerudi kwa kikohozi, si kwa hodi.

Ubwiriunga: neno hilo alilitamka
kama anayemtaja mkwe aliyemdhulumu.

Halafu ukaja mnyauko. Huo haukujali bei ya salfa,
ulipita chini.
Mkorosho wa nyuma ya choo ukakauka upande mmoja
kama mtu aliyepooza,
majani ya kahawia yananing'inia, hayadondoki.
Tulipoukata, ndani ya shina mlikuwa na michirizi
kama chai iliyomwagikia mkeka.
Baba alikaa juu ya kisiki mpaka adhana ya alasiri.
Mwaka uliofuata tukamzika yeye.

Sasa Bwana Shamba Nandonde amefika Kitangari
na ndoo ya mtama uliochemshwa, ukaota ukungu wa kijani,
anatabasamu kama aliyeleta mahari.
"Huyu ni kuvu," anasema. "Mtieni kwenye mizizi."

Nikacheka.
Nimkaribishe kuvu ndani,
mimi, binti Mchopa, niliyesomeshwa kwa vita vya kumuua?
Somoe akaguna: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Kuna kuvu na kuvu," alisema Nandonde,
"kama kulivyo na shemeji na shemeji.
Huyu wa kijani humla yule wa mnyauko.
Na huyu wa kwenye mfuko ni uzi mtupu,
hana kofia, hana shina, hutamchuma ukampika.
Anaingia mzizini, anafika mzizi usikofika,
anauletea mti maji na chakula, mti unamlipa sukari.
Na uraka mnaokunywa, mlidhani nani anauchachusha?"
Hapo wanaume wakasogea karibu.

Mimi nilikuwa nimenyamaza. Nilimkumbuka bibi.
Kila alipotaka kupanda alikwenda msituni,
akafukua majani yaliyooza chini ya miyombo,
akarudi na udongo mweusi kwenye pindo la kanga,
akanyunyizia kila shimo kidogo, kama anayetia chumvi.
Tukimuuliza sababu: "Mche haupendi kulala peke yake."
Baba alikuwa akiuita ushamba.
Yeye alitaka udongo msafi.

Nikajaza viriba arobaini.
Ishirini nikavitia kuvu, ishirini nikaviacha,
nikafungua daftari la mwanangu, kurasa za nyuma.
Maji tunapandisha kutoka bondeni, ndoo shilingi mia tano;
nilimwagilia kwa kopo la maziwa, kila mche kopo moja,
bila upendeleo.

Leo nimehesabu.
Wenye kuvu, kumi na saba.
Wasio na kuvu, kumi na wawili,
na kati ya waliokufa, wawili waliliwa na mbuzi wa Somoe,
nimeliandika hilo pia.
Nandonde alitaka kupiga picha mstari ulionenepa.
Nikamwambia piga yote, na mbuzi akipita mpige.

Kiriba kimoja kilichanika mkononi.
Nilitazama mizizi kwa jua la asubuhi.
Sikuona kitu. Nikatazama tena:
chembe za udongo zilikuwa zimeshikana,
haziangukii miguuni, kana kwamba
kuna mtu ameziambia zingoje.

Mche huo nimeupeleka nyuma ya choo,
kwenye shimo la kisiki cha baba, palepale penye ugonjwa.
Kama utasimama, sijui. Ukurasa uko wazi.
Nikachota konzi ya udongo wa miyombo,
nikasema samahani, sikusema kwa nani,
nikafukia.
Kisha nikanawa mikono,
lakini si sana.