Penseli ya T. Barua

Nilkhet vitabu huuzwa kama viazi:
kwa rundo, kwa kelele, kwa kupigwa kofi mgongoni
vumbi litoke, bei iingie.
Turubai juu linavuja. Dhaka nzima inavuja.
Nami Mahfuza, mpimaji wa vidonge zamu ya usiku
kiwandani Tongi, nimesimama na noti ya mia tano
na mbili za mia, nikiulizwa na kijana
mwenye miwani iliyofungwa uzi:
"Dada, unataka cha alama ngapi?"

Utadhani alama zimegundishwa ndani.

Kipo kile kinene, toleo la mwaka huu,
jalada linang'aa kama sahani ya harusi.
Ipo nakala yake ya kivuli, nusu bei,
ila kurasa 208 hadi 215 mashine iliziruka,
na kwa bahati yangu ninayoijua
ndimo ilimolala sura yote ya uwezekano.
Zipo kadi elfu za msamiati kwenye boksi la viatu.
Yapo maelezo ya mtu aliyepata alama zote,
yamechapwa na kuchapwa tena
hadi herufi zimeota ukungu.
Mchagua nazi hupata koroma. Najua.
Mchagua jembe si mkulima. Hilo nalijua zaidi:
mwaka jana nilinunua vitano,
nikavipanga kwa urefu, nikavipiga picha,
nikalala.

Safari hii kimoja. Cha mtumba, nusu ya jalada haipo,
mia mbili na themanini
baada ya kujifanya naondoka mara mbili.
Jina ndani: T. Barua.
Penseli, mwandiko umeinamia kushoto.

Nyumbani, nyuma ya kalenda ya kiwanda
(mbele ni dawa ya minyoo, mtoto anacheka)
nachora siku tisini na moja.
Natoa zamu za kuunganisha, kumi na tisa.
Natoa Ijumaa kumi na tatu, za kumwosha mama nywele.
Natoa mbili za homa, maana homa haiombi ruhusa.
Natoa harusi ya Tuhin, siku tatu; yeye anadai tano.
Zinabaki hamsini na nne,
na hizo nazo umeme hukatika.
Hesabu nikitoka kazini, kabla macho hayajagoma.
Maneno ishirini kwenye treni, nimesimama.
Insha Jumatano.
Ada nimeshalipa: mshahara wa mwezi na nusu.
Kwa hiyo hakuna kurudi nyuma,
au kupo, lakini ni ghali.

Shida ni Barua. Kila swali ameshalijibu.
Nafuta, nafuta, chembe zinajaa kitandani
kama unga wa vidonge vilivyokataliwa.
Lakini penseli ilizama; ukiinamisha taa
jibu lake lingali linanong'ona: B, B, C.
Nimeanza kubishana naye.
Ukurasa wa 31 kakosea sehemu.
Wa 40 kanishinda, tena kwa mistari mitatu.
Wa 77 kaandika pembeni, "mjinga wewe,"
nikacheka peke yangu saa kumi na mbili asubuhi,
sijui alimwambia nani.

Ukurasa wa 112, swali la tisa, penseli inakoma.
Neno moja tu: kesho.

Mama akauliza, "Alifaulu?"
Nikasema labda alipata kitabu bora. Labda kazi benki.
Mama, taulo kichwani, akasema,
"Labda alichoka. Watu huchoka, Mahfuza.
Usikilaumu kitabu."

Leo siku ya thelathini na sita.
Kifutio sikihitaji tena.
Mabomba mawili yanajaza tangi, la tatu linalitoa maji;
litajaa baada ya muda gani?
Sijui. Ukurasa ni mweupe,
hakuna wa kunidanganya, hakuna wa kunitangulia.
Chini ya kesho yake naandika tarehe.
Treni ya saa moja inapita, glasi zinagongana kabatini.
Nangoja zitulie.
Nachora tangi.