Senti Iliyofutwa

Nyumba ya mtaa wa Selkirk, Winnipeg, kodi dola elfu moja.
Tuko watatu: Chausiku, Sikudhani na mimi.
Kikokotoo kikasema mia tatu thelathini na tatu, nukta,
tatu tatu tatu tatu,
hata kioo kikaisha, tatu zikaning'inia ukingoni.

Tukaandika hundi tatu, kila moja na senti thelathini na tatu mkiani.
Bwana Hrynchuk akajumlisha, kofia ya manyoya ingali kichwani,
theluji ikimyeyukia mabegani.
"Imepungua senti moja."
Nchi hii senti ilishafutwa, hata duka halikurudishii.
Akaiandika vilevile, kwa wino mwekundu.

Singida nilifundisha hesabu miaka tisa.
Hapa nakunja mashuka ya hospitali:
nusu, robo, thumni, mengine.
Usiku ule nikaandika kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha:
theluthi ni sifuri nukta tatu tatu tatu, bila kikomo.
Theluthi tatu ni kitu kizima,
mtoto anayegawiwa chapati hahitaji kuambiwa.
Basi zidisha na upande wa pili:
sifuri nukta tisa tisa tisa, bila kikomo.
Ni moja.

"Ni karibu na moja," akasema Sikudhani, anamenya viazi.
"Kukaribia si kufika. Mimi makaratasi nayakaribia mwaka wa nne huu."

Chausiku akacheka. Mimi nikatafuta maneno.
Nikamwambia: hizo tisa haziko safarini.
Kinachotembea ni kidole chako,
kinachochoka ni kidole chako.
Zenyewe zimekwisha kukaa, zote,
wala hakuna ya mwisho ya kukushika mkono
ikuonye kwamba mbele yake pana pengo.
Pengo lina upana. Utaje.
Unywele, nusu ya unywele, vumbi la huo unywele,
taja, nikuonyeshe tisa zilizokwisha kuliziba.
Akataja. Nikaonyesha. Akataja tena.
Dirisha likajaa, tukahamia la chooni.

Senti ya Hrynchuk ni ya haki, nikakiri.
Sisi tulisimama kwenye tarakimu ya pili,
na anayesimama hudaiwa.

"Sasa kitu kimoja kiandikwe mara mbili kwa nini?"

Kiwandani wanamwita Dani.
Mshahara wa Dani anaula Sikudhani.
Nikamkumbusha hilo, nikadhani nimemaliza.

Akaosha kisu, akakifuta, akakirudisha.
Taa zikiwa zimezimwa ndipo akajibu, kutoka kitanda cha juu:
"Lakini jina langu walilikata.
Hizo tisa zako hakuna aliyezikata."
Nikalala macho, mwalimu niliyefundishwa.

Asubuhi baridi ilishuka thelathini chini ya sifuri,
ukungu ukawa barafu, tisa zikaganda zilivyo.
Hrynchuk alikuja na spana kutazama bomba la joto.
Akasimama dirishani.
Akazifuata kwa kidole cha glavu, moja moja, midomo ikicheza,
hadi kwenye fremu,
akavuka fremu,
akaendelea kidogo juu ya rangi ya ukuta, mahali pasipoandikwa kitu,
kisha akauliza kama kuna chai.

Deni bado limo daftarini.