Kipira Kichuguuni

Mwezi wa tisa Tabora haina nyasi.
Penye kijani cha wenzetu sisi tuna mchanga
ulionyweshwa oili chafu kutoka gereji ya reli,
na kazi yangu, kabla bwana hajapiga,
ni kuburuta gunia juu yake, kufuta nyayo za mbuzi.
Elfu tatu kwa mzunguko. Soda, wakishinda.

Shimo la saba, kipira cha Mihayo kikaingia kichuguuni.
Si pembeni: mlangoni kabisa,
kama mgeni aliyesubiriwa.

"Kinapigwa kilipo," akasema Kapela,
karani wa stesheni miaka thelathini na moja,
ambaye bado hutembea kama treni imechelewa kwa kosa lako.
"Shimo la mnyama unatoa bure."
"Mchwa si mnyama."
"Ni nini basi, mboga?"
"Wakiota mbawa, ndiyo," akasema Bi Mwashi, mnunuzi wa tumbaku.

Mimi nilisimama na fimbo zao begani.
Adabu ya kwanza: usiongee mtu akipiga.
Ya pili: kivuli chako kisilale njiani mwa kipira.
Ya tatu haijaandikwa popote: usione.

Na kwa kuwa kipira hakikuwa na haraka
wakahamia kwenye magobore.

Sajini Lugendo, mstaafu, alitaka yote yarudi.
"Nimebeba maiti kwa ajili ya bomba la maji na unga wa viberiti."
"Na nguruwe pori," Bi Mwashi akauliza, "watarudisha meno lini?"
Kapela akataka kibali, picha mbili, barua ya mtendaji.
Mihayo akataka ada ya kila mwaka, kama pikipiki.
"Wewe ungetoza hata kikohozi!"

Baba alilipeleka lake ofisi ya kata siku ya msamaha,
limeviringishwa khanga ya mama.
Akapewa karatasi yenye mhuri.
Msimu ule nguruwe walikula mahindi mpaka uani,
na mama akaigongomea ile karatasi kwenye mti wa shambani,
labda wanajua kusoma.
Sisemi baba alikosea.
Mdogo wangu Shija ana vidole kumi.
Mtoto wa jirani ana saba.

Kutoka kwenye ada kwenda kwenye kodi ni hatua moja.
"Robota langu linapimwa mara tatu," Bi Mwashi akawaka,
"na kila mzani una njaa yake."
"Kodi ni uaminifu," akasema Mihayo, kwa upole wa ofisini.
"Ni kama gofu. Mtu anajihesabia mwenyewe."

Hapo treni ya mizigo ikapiga honi kuelekea Kigoma
na wote watatu wakageuka, ndio ugonjwa wa mji huu.
Kiatu cheupe kikafanya kazi ndogo.
Kipira kikatoka kichuguuni
bila kusumbua kifungu chochote cha sheria.

Mama anauza karanga Isevya. Hajihesabii.
Alikuja kijana mwenye daftari,
akatazama beseni, akatazama bati, akaandika namba.
Inaitwa makadirio.
Mama alipouliza namba imetoka wapi
kijana alimwambia jua kali, asogee kivulini.

"Ngapi?" Kapela akauliza, penseli imetoka sikioni.
"Tano," akasema Mihayo.
Vidole vyangu, ndani ya mfuko wa suruali, vilifika saba.
Sijui mzee aliona nini usoni mwangu.
"Kijana. Tano?"

Ningenyamaza. Nilikuwa nimeshaanza kunyamaza.

"Mimi sina hesabu, mzee," nikasema.
"Nakadiria tu. Saba."

Bi Mwashi alicheka mpaka akaketi chini, na gauni lake zuri.
Sajini alikohoa, akamtazama Mihayo kuhusu ile ada.
Mihayo alitabasamu, akafuta, akaandika.
Soda sikupewa.
Nikaburuta gunia, nyayo za mbuzi na za viatu
zikaenda pamoja.

Jumanne yule kijana wa daftari alipita tena Isevya.
Mama alikuwa ndiyo kwanza anatandaza karanga.