Mto Umo Ndani ya Maji

Theluji imeachia kwa usiku mmoja,
na asubuhi Halliste hauna kingo.
Penye malisho pana kioo.
Kibao cha barabarani kinachokataza mwendo wa kasi
kimebaki kichwa tu juu ya maji,
kinanikataza mimi na mtumbwi wangu.

Watu wa Soomaa huhesabu majira matano.
Haya ya tano hayana mbegu wala mavuno;
kazi yake ni kungoja maji yachoke.
Mimi singoji. Mimi ni muuguzi wa tarafa,
na mguu wa Helve una kidonda
kisichojua kalenda.

Bendeji, dawa, chupa ya chai:
vyote ndani ya ndoo yenye mfuniko,
ndoo nimeifunga kwa kamba.
Mtumbwi ni wa baba. Gogo moja,
alilolipanua kwa moto na maji ya moto
hadi mti ukafunguka kama kiganja kinachoomba.
Arved hakuwa mtu wa maneno. Haya alinipa:
"Usitazame maji, yote yanafanana.
Tazama mierebi. Ukiona safu mbili za vichwa,
katikati yake mto bado unakwenda zake."

Napita juu ya viazi vya Helve.
Upondo unagusa matuta, tuta baada ya tuta,
laini, kama kubonyeza tumbo la mgonjwa.
Waya wa ua unakwaruza chini ya miguu yangu.
Sungura watatu wamekaa juu ya rundo la kuni,
hawanikimbii. Wakimbilie wapi?

Husemwa maji hufuata mkondo.
Hapa mkondo umo ndani ya maji
kama kisu ndani ya mkate.

Kisha mierebi.
Nasukuma upondo, haupati chini.
Nasukuma tena, na mkono wangu
unaingia hadi kwapani kwenye baridi inayouma kama meno.
Mtumbwi unageuka ubavu, bila kelele,
kama mtu aliyeitwa jina lake.
Sahani la barafu, pana kama mlango,
linatugonga; upondo unaniacha.
Sikusali. Nilishika tawi, tawi likashika ngozi ya kiganja,
tukavutana, mimi, mti na mto,
na kwa muda sikujua nani kati yetu atachanika.

Nilifika kwa kupiga maji na mfuniko wa ndoo.
Nikafunga kamba kwenye kitasa cha dirisha.

"Umechelewa," akasema Helve,
ameketi juu ya meza, paka juu ya jiko,
mabuti ya mpira yakielea sakafuni
kama bata wawili waliokosana.
Nikafungua bendeji. Kidonda kimepungua,
kidogo, upana wa ukucha.
Akanionyesha alama kwenye mwimo wa mlango,
kila furiko na mwaka wake.
La mwaka huu liko vidole viwili
chini ya lile la harusi yake.
"Bado halijafika," akasema,
na sikujua kama alijisifu au alilalamika.

"Wanasemaje huko? Kwamba mimi mkaidi?"
"Ndiyo."
"Vizuri."

Kiganja changu akakifunga yeye,
kwa bendeji niliyomletea, fundo baya, la kukaza mno.
Kisha akafungua dirisha, akaning'olea
mti wake wa kuanikia nguo.
"Urudishe. Nina mashuka."

Narudi nimesimama, mti mrefu kuliko nilivyozoea.
Kibanio kimoja cha nguo kimesahaulika juu yake,
na kila ninaposukuma kinanibana kidole gumba.
Ningeweza kukitoa.

Penye mierebi napiga magoti,
nashusha mti taratibu,
nausikia mto ukiupapasa, ukiupima,
ukiuliza huu mpya ni wa nani.