Silinda ya Tatu

Bi Tima Shekue haleti maelezo, huleta ushahidi.
Aliteremsha keki ya harusi, ghorofa tatu,
akaivua leso:
ghorofa ya juu imelala upande
kama bwana harusi aliyesinzia.
"Gari lenu hilo," akasema. "Tizama lilivyonifanyia."
Lenu. Utadhani mimi ndiye niliyelizaa.

Noah ya zamani, rangi ya maziwa yaliyolala,
mlango wa kuburura hufungwa kwa goti,
injini chini ya kiti: ukitaka kuiona, msimamishe dereva.
Nikaiwasha.
Injini hii haihesabu kama watoto wa chuoni.
Moja, tatu, nne, mbili, ndivyo ilivyosomeshwa.
Asubuhi ile, pale Bondeni, ilisoma
moja,          nne, mbili,
moja,          nne, mbili,
na kila pengo lilipopita usukani ulinitetemea mkononi.

Ilishalala wiki mbili kwa Mwachiro, Magongo.
Plagi mpya. Nyaya za plagi mpya.
Pampu ya mafuta iliyong'olewa kwenye gari la marehemu fulani.
Nozeli zote nne zimeoshwa, zinang'ara kama meno ya bandia,
na hesabu imeandikwa juu ya kipande cha boksi la maziwa.
Nikacheka, kicheko cha fundi kwa fundi,
mdomo umefumba, pua ndiyo inayosema.

Nikachomoa soketi ya nozeli ya kwanza: injini ikaporomoka.
Nikairudisha. Ya pili: ikaporomoka.
Ya nne: nusura izime.
Ya tatu nilipoichomoa, hakuna kilichobadilika.
Asiyekuwapo haulizwi alipokwenda.

Bisibisi ndefu, ncha kwenye nozeli, mpini sikioni.
Tiki tiki tiki, kama kuku anadonoa bati.
Ya tatu: tiki. Kimya. Tiki tiki. Kimya kirefu.
Si mgonjwa huyo. Huyo anaitwa, na sauti haimfikii.

Nikazima, nikaupima waya wake.
Mita ikalia: mzima.
Waya ukipoa huwa mzima, kama mtoto akishafikishwa hospitali.
Basi nikaukunja taratibu, pingili kwa pingili,
hapa? hapa?
mpaka pale unapopinda chini ya bawaba ya kiti,
mita ikakata kauli.

Palikuwa na utepe wa buluu.
Nikaupasua kwa wembe. Shaba imeota kijani,
unga unga, hewa yetu ya chumvi imeitafuna,
nyuzi mbili tu zimeshikana, nazo kwa kuoneana haya.
Risasi ya kulehemu hamna. Umesokotwa tu,
mizunguko mitatu, ncha ikarudishwa nyuma,
umesokotwa kushoto.

Mafundi wa mji huu husokota kulia.
Mimi hushika koleo kwa kushoto.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kwa Bwana Salmini.
"Tia risasi," aliniambia.
Stima ilikuwa imepotea, utepe mweusi umekwisha,
na mchana ule nilikuwa na mtu wa kumwona Kongowea.
"Nitatia kesho," nikasema.
Kesho hiyo imekuja miaka kumi na minne baadaye,
na keki mikononi.

Nikakata huku na huku hadi nikaona shaba nyekundu,
nikaunga waya mpya, nikatia risasi, nikangoja ipoe,
kitu nisichokijua zamani, kungoja.
Moja, tatu, nne, mbili.
Gilasi ya chai juu ya dashibodi, chai haikukunja uso.

"Ilikuwa nini?" Pochi imeshafunguka.
"Chumvi," nikasema.
Akauokota ule utepe, akaugeuza.
"Chumvi haifungi utepe. Nani huyu?"
Nikanyoosha mkono. Wa kushoto.
Akautazama kitambo. Akafunga pochi.
"Basi keki ni yako. Elfu nane."

Tuliila siku tatu, mimi na wanagenzi.
Ile ghorofa iliyolala
niliipeleka Magongo kwa Mwachiro.
Sikumwambia ya nini.
Alionja, akanitazama. Pua yake ikasema.