Volti Kumi na Tisa na Nusu

Waya ulianza kupasuka shingoni mwaka jana,
pale unapoungana na kitofali chake cheusi.
Nikauviringishia utepe wa bluu. Ufa nimeuziba, nikasema.
Jana usiku ukatema cheche moja, ndogo kama punje ya ulezi,
ukanuka nywele zilizoungua, ukanyamaza.
Leo asubuhi najenga ukuta.

Ulaanbaatar, digrii thelathini na moja chini ya sifuri.
Moshi wa makaa umeketi juu ya majengo kama mgeni asiyeaga.
Laptopu nimeificha ndani ya koti, juu ya tumbo,
kama wabebwavyo wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati.
Betri asilimia sita.

Ghorofa ya tatu ya soko la kompyuta
chaja zimening'inia ukutani, mikia chini,
mamia, zote nyeusi,
kila moja inakula kiapo kwa kibandiko chake.

Muuzaji wa kwanza hakuitazama yangu.
"Hii huingia zote," akasema, akanitikisia mfuko wa ncha nane
na kijiswichi cha kuchagulia volti, kinachohama ukikipumulia.
Huingia zote: niliwahi kuambiwa hivyo kuhusu viatu,
nikachechemea hadi theluji ikayeyuka.

Wa pili, elfu ishirini tu. Ncha ikaingia, taa ikawaka,
nusura mkono uende mfukoni wenyewe.
Lakini nyepesi!
Nyepesi kama kiberiti kilichobakiza njiti moja.
Rahisi ghali. Nikaichomoa.

Wa tatu alikuwa msichana, miwani imefungwa kwa waya wa shaba,
kidole gumba kina kovu la chuma cha kulehemu.
Aliuliza: "Ya zamani iko wapi?"
Akaigeuza, akaisugua kwa mate,
akasoma kwa tochi ya simu
maandishi madogo kama mayai ya sisimizi:
volti kumi na tisa na nusu,
ampea tatu nukta tatu nne,
na kile kiduara chenye nukta, alama ya kujumlisha ikiwa ndani.

"Volti ziwe hizi hizi," akasema. "Usizidishe, usipunguze.
Ampea ni kisima tu.
Kisima kikiwa kikubwa, farasi hapasuki,
atakunywa kiu yake, atainua kichwa.
Kikiwa kidogo, ndipo kisima kitakapochemka."

Sikumwambia kilichomo.
Rangi za farasi mia moja na arobaini,
mama alizonitajia jikoni, kabla ya kiharusi,
nami nikichapa kwa kidole kimoja
huku chai ya maziwa ikifanya ngozi.
Sikunakili popote. Ndiyo, najua.
Siku hizi mama akiona farasi kwenye televisheni
husema "yule". Basi.

Akanichagulia iliyotumika, ampea nne nukta sita mbili,
nzito kama jiwe la kunolea, kona moja imekwaruzwa.
"Ikipata joto, kawaida. Ikikuchoma, si kawaida.
Ikinguruma, irudishe, nipo."
Elfu hamsini na tano. Sikupunguziwa hata mia.

Tukachomeka.
Kwa muda hakuna kitu.
Kisha kijitaa cha rangi ya chungwa,
na skrini, na faili, na farasi wote wamesimama mstarini
kama nilivyowaacha.

Aliandika risiti, akasaini: Khaliun.
Nikashuka na orodha hadi namba thelathini na nane.
Khaliun: manjano iliyofifia, singa nyeusi, mkia mweusi.
Na mbele yake maneno ya mama, niliyokuwa nimeyasahau:
"Huyu hachoki. Ila hapendi kuitwa mara mbili."

Nilitaka kumwonyesha. Lakini nyuma yangu
watu watatu walisimama na mikia yao iliyokatika mkononi.
Nikamwita mara moja, nikamshukuru,
nikasogea.