Pua ya Kuazima

Mwaka ule mafua ya Februari yaliondoka na pua ya mjomba Selmo.
Pua yenyewe aliachiwa, ndefu, nyekundu nchani,
ila kazi yake ilihama
kama mpangaji anayetoroka usiku na kodi ya watu.

Hakumwambia mtu. Aliniambia mimi,
kwa kuwa nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
na kwa kuwa nilimfuma jikoni
akinusa chupa ya siki, akinusa tena,
kisha akiifunga taratibu kama anayefunika maiti.
"Nela," akasema, "Jumapili ni tamasha.
Utanibebea maji."

Nikabeba maji, na karatasi za alama,
na siri iliyozidi vyote kwa uzito.

Robleda asubuhi: mlima umejitanda ukungu,
na chini ya turubai, mezani, ukungu mwingine,
wa buluu, umejichimbia mishipa ndani ya jibini.
Vipande thelathini na viwili. Namba tu, hakuna jina.
Waamuzi watano, aproni nyeupe,
mjomba wa tatu kutoka kushoto, beji kifuani,
mwaka wa kumi na tisa hajakosa.

Anakata. Anasogeza puani. Anafumba macho
(kufumba macho alikuwa hodari).
Nami nainama, kama ninayemmiminia maji:
"Namba nne, zizi baada ya mvua.
Namba saba, sarafu iliyokaa kiganjani mpaka ikapata joto.
Namba kumi na moja... mjomba, soksi."
"Soksi za nani?"
"Zako."
Akaandika: tisa kati ya kumi.

Mchana tukaachiwa tujilie.
Sufuria za maharage meupe, pana kama beseni la kuogea,
soseji ya damu ikielea juu kama kiboko mvivu,
mkate wa mahindi, asali ya milimani, zumari za mifuko zikilia
kana kwamba kuna mtu amekalia mbuzi.
Chovya chovya humaliza buyu la asali;
mimi nililimaliza kabla ya saa nane.
Mjomba alitafuna kama anayesoma barua
iliyoandikwa kwa lugha aliyowahi kuijua.
Kila alichoonjeshwa, alikisifu.
Alisifu hata wali wa maziwa wa Bi Etelvina.

Bi Etelvina akautazama wali wake,
ulioshika chini, ulioungua waziwazi,
niliousikia harufu tangu kwenye daraja.
Akamtazama mjomba. Akanitazama mimi.
Kisha akachukua mdalasini, akaunyunyiza kwa wingi,
akasema, "Ahsante, Selmo,"
na hadi anazikwa hakuongeza neno.

Jioni, mvinyo wa matufaha.
Fermín akanyanyua chupa juu ya kichwa,
akashusha glasi hadi pajani,
akaangalia pembeni, akamimina bila kutazama.
Uzi mwembamba wa dhahabu, mrefu kama mtoto,
ukavunjikia ukingoni mwa glasi.
Mjomba akageuza shingo.
"Pipa hili limekufa," akasema.
Hajaonja! Watu wakacheka, wakanywa, wakanyamaza.
Limekufa kweli: ladha ya maji ya mvua ndani ya ndoo.
"Sauti," akaninong'oneza. "Lililo hai hukwaruza."
Akamwaga machicha yake nyasini, huku anatabasamu,
mara ya kwanza siku ile bila kuigiza.

Njiani akaniuliza, "Kulinukaje leo, kwa jumla?"
Nikamweleza kutoka daraja hadi kanisa.
Pengine nilitunga. Alijua, akaniacha nitunge.

Pua ilirudi Desemba, nusu yake tu.
Usiku wa manane alinitikisa kitandani,
machozi yakimlengalenga, mzee mzima:
"Nela! Amka! Nasikia harufu!"
Kweli ilikuwepo, nyumba nzima.
Soksi zake, alizoanika juu ya jiko,
zilikuwa zinaungua.